Simu haisemi yenyewe, kuna mtu anaisemea

Mtu ana kesi. Anakaa kwenye kiti mbele ya wakili, hata salamu haijaisha ameshasema "ushahidi ninao, uko humu humu", anatoa simu mfukoni anaifungua kwa kidole na kuanza kupandisha chati. Anapita meseji mia na kitu, katikati anafungua picha mbili ambazo hazihusiani, simu inaita anapokea anaongea dakika tano, anarudi, kuna tangazo limejitokeza analifuta, mwisho anasema "hii hapa" anapiga skrinshoti na kuituma kwa wakili kwa WhatsApp. Wakili anaiprinti. Hiyo karatasi sasa ndo inaenda kuitwa ushahidi wa kielektroniki.

Nimeshaona hii sinema mara nyingi sana na kila mara najiuliza hivi tunajua tumepoteza nini hapo kwenye zile dakika kumi. Skrinshoti ni picha ya maandishi, basi. Jina linaloonekana juu ya chati aliliandika mwenye simu, halikutoka kwa aliyetuma meseji, kwa hiyo leo hii nikisave namba ya binamu yangu kwa jina la mtu niliyegombana naye, tukachati jioni nzima nikimwelekeza cha kuandika, nitakuwa na skrinshoti safi kabisa ambayo adui yangu "anakiri" kila kitu. Hapo sijatumia programu yoyote wala utaalamu wowote, nimebadilisha jina tu. Na kama ni chati iliyofunguliwa kwenye kompyuta kupitia brauza ndo usiseme, maana maandishi ya ukurasa yanabadilishika palepale kwenye skrini na mtu yeyote aliyewahi kucheza na tovuti kidogo.

Kilichobaki kwenye simu, ambacho ndo kilitakiwa kuchukuliwa, ni tofauti kabisa. Kuna database ya meseji ambayo kila meseji ina namba yake, ina muda uliohesabiwa kwa sekunde au milisekunde, ina namba halisi ya mtumaji, na meseji ikifutwa mara nyingine linabaki pengo linaloonekana. Picha nayo hivyo hivyo, ile ya asili inabeba tarehe na saa, aina ya kamera, na kama lokesheni ilikuwa imewashwa inabeba mpaka mahali ilipopigwa, lakini ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na hizo taarifa zinaondolewa. Yaani mtu anaituma kwa nia njema kabisa na kwa kuituma tu anakuwa ameipunguza.

Nachotaka kusema ni kwamba watu wengi, mawakili wakiwemo, wanabishana kuhusu maneno yaliyomo kwenye meseji wakati kesi imeshaamuliwa kabla ya hapo, na aliyeiamua ni mtu aliyeshika kifaa kwanza, halafu waliofuata wakachuja na kupanga na kuprinti. Kila mmoja wao amefanya maamuzi, na mengi hayaonekani kwenye ile karatasi.

Mtu wa kwanza huwa ni nani? Kwenye ofisi nyingi ni kijana wa IT. Kuna sehemu moja niliwahi kufanya nao kazi, siitaji, walimshuku mfanyakazi kwamba anachukua orodha ya wateja. Bosi akachukua laptopu Ijumaa jioni akampa kijana wa IT, kijana mzuri tu, mchapakazi, na yeye kwa kutaka kusaidia akaiwasha, akafungua folda moja moja wikiendi nzima, alichoona kina maana akakikopi kwenye flashi. Jumatatu asubuhi flashi iko mezani na kila mtu anafurahi. Kilichotokea baadaye ni kwamba mafaili yote kwenye ile flashi yalionyesha yametengenezwa Jumamosi, siku ambayo mshukiwa hakuwa hata na hiyo laptopu mkononi. Ukikopi faili kwa njia ya kawaida, tarehe ya kutengenezwa inakuwa ya siku uliyokopi wakati tarehe ya mwisho kurekebishwa inabaki ileile ya zamani, kwa hiyo unapata faili lililorekebishwa mwezi wa tatu na kuzaliwa mwezi wa sita, mtoto kaanza shule kabla hajazaliwa. Kwa mtaalamu hilo halina ajabu na analieleza kwa dakika mbili, ila sasa mweleze mtu ambaye hajui, mbele ya wakili wa upande wa pili anayetabasamu, na ukumbuke kwamba kule kwenye laptopu yenyewe nako kuna nyayo za wikiendi nzima za mtu mwingine, hujui ipi ya mshukiwa ipi ya kijana wa IT. Wale jamaa walimalizana nje ya mahakama na sidhani kama walifurahia walichopata.

Njia inayokubalika wala siyo siri. Diski inachomolewa, inaunganishwa kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma tu na kuzuia kuandika, inachukuliwa nakala kamili ya kila biti hadi zile sehemu zinazoonekana tupu, halafu unapiga hashi ya kilichochukuliwa. Hashi ni namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe, ya MD5 ina herufi na tarakimu 32, ya SHA-256 ina 64, na uzuri wake ni kwamba ukiongeza mkato mmoja kwenye barua ya kurasa mia namba yote inabadilika, huoni hata kufanana. MD5 ilishavunjwa miaka mingi, na 2017 watafiti wa Google na wa CWI, kituo cha utafiti cha Amsterdam, walitengeneza mafaili mawili tofauti ya PDF yenye hashi moja ya SHA-1, aina nyingine ya hashi, kwa hiyo anayeanza kazi leo atumie SHA-256 yaishe.

Ila hapa nina ugomvi kidogo na wataalamu wenzangu, maana wanasimama kizimbani wanasoma hashi kama wanasoma dua, korti inatulia, kila mtu anaona sayansi imeongea. Hashi ni lakiri tu ya bahasha. Inakwambia tangu bahasha ifungwe haijafunguliwa, haikwambii nani aliweka nini ndani kabla ya kufungwa. Yule kijana wa IT angeweza kupiga hashi ya flashi yake Jumapili usiku na ingelingana vizuri kabisa mpaka siku ya hukumu.

Simu ni ngumu zaidi ya laptopu kwa sababu iko hai muda wote. Ukiiacha hewani mwenyewe anaweza kuifuta akiwa mbali, ukiizima unaweza usiifungue tena kirahisi, kwa sababu simu iliyowashwa upya na bado haijaingiziwa neno la siri data yake nyingi iko kwenye kufuli zito kuliko ile iliyokwisha kufunguliwa hata mara moja. Ndo maana zinawekwa kwenye mfuko unaozuia mawimbi, na humo nako betri inaisha haraka kwa kuwa simu inahangaika kutafuta mtandao, inabidi uweke na chaja. Tangu 2024 iPhone zikikaa siku tatu bila kufunguliwa zinajiwasha upya zenyewe. Kwa hiyo ile tabia ya kuweka simu kwenye droo "mpaka mtaalamu atakaporudi safari" inaweza kukugharimu kesi bila mtu yeyote kufanya ubaya wowote.

Halafu kuna upande wa kutunza, ambao hauna mvuto wala haujawahi kutengenezewa tamthilia lakini ndo unaoangusha makampuni makubwa. Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Laura Zubulake dhidi ya benki ya UBS huko New York. Yeye alikuwa akiuza hisa, akafukuzwa, akashtaki kwa ubaguzi. Kampuni ikatoa kurasa kama 100 za imeili ikasema ndo hizo. Tatizo, mama mwenyewe alikuwa ameshajiwekea kurasa kama 450. Hapo sasa jaji Shira Scheindlin akaanza kuuliza zingine ziko wapi, ikaonekana kuna wafanyakazi walifuta wakati walishaambiwa wasifute na kuna tepu za bekapu zimepotea, na 2004 akaamua juri, lile kundi la raia wanaoamua kesi, iambiwe inaweza kuchukulia kwamba zilizofutwa zilikuwa mbaya kwa kampuni. Mwaka uliofuata juri ikampa zaidi ya dola milioni 29. Maneno yaliyokuwemo kwenye zile imeili zilizopotea hakuna aliyeyasoma, ukimya wake ndo ulioongea.

Ungedhani baada ya hapo watu wamejifunza. 2023 jaji James Donato, kwenye kesi ya Epic, watengeneza gemu, dhidi ya Google, alikuta kwamba chati za ndani za wafanyakazi wa Google zilikuwa zimesetiwa kujifuta baada ya masaa 24 na kampuni ilimwachia kila mfanyakazi aamue mwenyewe kama atawasha historia au la, wakati kesi iko mlangoni. Jamani, Google! Kampuni ambayo kazi yake ni kutunza na kutafuta taarifa za dunia nzima. Hata amri ya kutofuta ukiipeleka kwa imeili nzuri yenye nembo ya idara ya sheria, kama kitufe cha kujifuta hakijazimwa na mtu mwenye mamlaka kwenye mfumo, hiyo imeili ni mapambo.

Sasa twende kwenye kuchakata, na hapa ndo roho inaniuma kabisa, kwa sababu ukusanyaji mbovu angalau unaonekana, kuchakata vibaya hakuonekani, kunatoa ripoti nzuri yenye jedwali na rangi.

Denmark 2019. Polisi walikuwa wanapokea data ghafi za simu kutoka makampuni ya simu, programu inazigeuza ziwe jedwali linalosomeka, jedwali linaenda kortini kuonyesha simu ya fulani ilikuwa karibu na mnara upi saa ngapi. Ikagundulika ile programu ilikuwa inaacha baadhi ya data njiani. Makampuni ya simu hayakuwa yamekosea hapo, wapelelezi hawakudanganya, mistari ilikuwa inadondoka tu kwenye kubadilisha. Wakasimamisha kutumia data za simu kwa miezi miwili na kuanza kupitia upya kesi zaidi ya 10,000 kuanzia 2012. Miaka saba watu wanahukumiwa na jedwali ambalo hakuna aliyelilinganisha na data yenyewe.

Kuna na ile ya Florida, kesi ya Casey Anthony 2011, mama aliyeshtakiwa kumuua binti yake, ambapo upande wa mashtaka uliiambia juri kwamba ukurasa kuhusu klorofomu ulifunguliwa mara 84. Aliyetengeneza programu iliyotoa hiyo namba akaja kugundua mwenyewe kwamba ni mara moja, zile 84 zilikuwa za mtandao wa kijamii wa MySpace. Na kibao kikageuka upande wa pili pia, mwaka uliofuata ofisi ya sherifu ikakiri kwamba walichukua historia ya brauza ya Internet Explorer peke yake, Firefox hawakuigusa, na huko ndo kulikuwa na maingizo zaidi ya 1,000 ya siku muhimu. Mama yule alishaachiwa kwa shtaka la mauaji. Mimi sina la kusema kuhusu alifanya au hakufanya, nachoona ni kompyuta moja ambayo imewapotosha watu mara mbili, mara kwa kuongezewa na mara kwa kupunguziwa, na mara zote mbili ni uamuzi wa mtu, chagua brauza hii, amini namba ile.

Muda nao ni balaa. Mifumo haihesabu kwa namna moja, Unix inahesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970, Apple kwenye mafaili yake mengi inaanzia 1 Januari 2001, Windows inaanzia 1601. Ukiisoma namba ya Apple kwa kipimo cha Unix meseji ya 2024 itasomeka ya 1993, na hiyo haina shida kwa sababu mtu atacheka na kurekebisha. Inayoumiza ni kosa la masaa mawili matatu, ambalo halichekeshi mtu. Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna yetu ya ziada. Shahidi anasema "alinipigia saa tatu usiku", ripoti ya simu inasema 18:00 kwa sababu programu imetoa muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, mkalimani kwa haraka anaandika 3:00, na wote watatu wanaongelea simu ileile ya dakika ileile kama mwenye simu yuko kwenye saa za UTC+3, masaa matatu mbele ya UTC. Wakili mwenye akili anaweza kumfanya huyo shahidi aonekane mwongo wa kutupwa, shahidi ambaye hajakosea hata neno moja.

Na utafutaji wa maneno, ah. Data ni nyingi, hakuna wa kusoma imeili laki tano, kwa hiyo wanakaa wanakubaliana orodha ya maneno ya kutafuta. 1985 watafiti Blair na Maron walichapisha jaribio lao kwenye nyaraka kama 40,000 za kesi ya ajali ya treni, mawakili walitafuta mpaka wakaridhika kwamba wamepata asilimia 75 ya zinazohusika, walipopimwa wamepata kama asilimia 20. Na hiyo ilikuwa Kiingereza, lugha ambayo hizi programu zimezaliwa nayo! Chukua sasa neno letu moja tu, lipa. Kwenye chati utakuta nimelipa, hajanilipa, tutalipana, amelipwa, nilipie, malipo, na programu inayotegemea mwanzo wa neno inatafuta maneno yanayoanza na "lipa" inakuletea mawili matatu inasema kazi imekwisha. Ongeza vifupisho vya watu wa meseji, "cjalipwa", "2talipana", ongeza kwamba hela kwenye hizo chati inaitwa mzigo, mpunga, mkwanja, chochote isipokuwa hela, halafu nusu ya maongezi ni voisi noti. Mtu akikuletea ripoti ya utafutaji wa Kiswahili iliyoandikwa "hakuna matokeo", swali la kwanza ni nani aliandika ile orodha ya maneno na kama anaongea lugha ya wale watu.

Siku hizi kuna mashine zinazojifunza kutoka kwa wakili aliyesoma nyaraka chache halafu zinapanga zilizobaki, jaji Andrew Peck wa New York aliziruhusu 2012 na Uingereza ikafuata 2016, na kwa kweli zinafanya vizuri kuliko orodha ya maneno mara nyingi. Mimi siziogopi. Naogopa tu ikifika kortini ikageuka kuwa "mfumo umesema".

Maana "mfumo umesema" tumeshaona ilipofikisha watu. Kule Uingereza, posta walikuwa na mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, ulionyesha upungufu wa fedha kwenye matawi, na kati ya 1999 na 2015 waendesha matawi zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Zamani sheria yao ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kikafutwa, ikabaki dhana kwamba kompyuta iko sawa mpaka anayeshtakiwa aonyeshe haiko sawa. Mwenye tawi dogo atawezaje kuonyesha hitilafu ndani ya mfumo ambao msimbo wa programu yake na kumbukumbu zake zote ziko mikononi mwa anayemshtaki? Hukumu ya jaji Fraser iliyosema mfumo ulikuwa na hitilafu ilitoka Desemba 2019, na hatia zikaja kufutwa kwa mkupuo kwa sheria ya bunge 2024. Ile dhana yenyewe ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo nikiitwa kuangalia ushahidi wa upande wa pili siku hizi sianzi na meseji. Naomba ile karatasi ya mnyororo wa utunzaji, nani alipokea, saa ngapi, akamkabidhi nani, programu gani na toleo namba ngapi, muda umewekwa kwa saa za wapi. Watu wanashangaa, wanasema soma kwanza chati uone mambo yalivyo moto. Nasoma karatasi. Juzi nimepewa moja, imejazwa vizuri, saini zote zipo, muhuri upo, simu imepokelewa Ijumaa saa kumi na moja jioni na mstari unaofuata ni Jumatatu saa tatu asubuhi, mtu mwingine kabisa. Nikauliza wikiendi ilikuwa wapi. Wakaangaliana.